Jinsi ya Kuchagua na Kuomba Bweni Lenye Mada Maalumu Katika Chuo cha Marekani

Ukishapata barua ya kukubaliwa katika chuo cha Marekani, akili yote huenda kwenye ada, viza na tiketi ya ndege. Suala la utalala wapi huachwa mpaka mwisho, na wengi hujaza fomu ya makazi usiku wa siku ya mwisho, wakibofya lolote lililo juu ya orodha. Hapo wanapoteza kitu kikubwa. Vyuo vingi vya huko havina bweni la aina moja tu. Ndani ya majengo yaleyale kuna ghorofa, upande wa jengo, au nyumba nzima iliyotengwa kwa watu wanaotaka kuishi pamoja kwa sababu fulani: wanajifunza lugha moja, wanasoma uhandisi, wanapiga muziki, hawataki pombe karibu nao, au wanataka kukaa na watu wanaoujua na kuujali utamaduni wao. Kwenye tovuti za vyuo jumuiya hizi zina majina mengi, lakini kifupi kinachotumika sana ni LLC (Living-Learning Community, yaani jumuiya ya kuishi na kujifunza pamoja). Ukiandika herufi hizo tatu pamoja na jina la chuo chako utafika kwenye ukurasa wake.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayekwenda Marekani kwa viza ya mwanafunzi, iitwayo F-1. Chumba cha mwaka wa kwanza kinaamua mengi: utakula na nani, utamgongea nani mlango saa tano usiku swali la hesabu likikushinda, na kama mwezi wa pili kuna mtu atakayegundua kwamba hujaonekana tangu jana. Kwa hiyo inafaa kutenga jioni kadhaa kulifikiria jambo hili vizuri. Na kanuni ninayoisimamia toka mwanzo mpaka mwisho ni moja: usiichague jumuiya kwa jina lake, ichague kwa ratiba yake ya wiki.

Hatua ya 1: Jua unachoomba ni cha aina gani

Aina ya kwanza imefungamana na masomo. Wakazi husoma kozi moja au mbili pamoja, kuna mhadhiri anayeilea jumuiya, na mara nyingi kozi hiyo ina krediti (vipimo vya uzito wa kozi) zinazoingia kwenye matokeo yako. Wazo hili lina umri. Mwaka 1927 mwanafalsafa na mwalimu Alexander Meiklejohn alianzisha Chuo cha Majaribio ndani ya University of Wisconsin. Wanafunzi wake waliishi pamoja katika jengo la Adams Hall. Mwaka wa kwanza walisoma Athens ya kale, mwaka wa pili wakaigeukia Marekani ya wakati wao. Kilifungwa mwaka 1932, lakini waliokuja baadaye waliendelea na mbegu ile. Mwaka 1967 University of Michigan ilifungua Residential College katika jengo la East Quad, yenye madarasa humohumo bwenini na kozi za lugha za mwendo mkali, na ipo mpaka leo. Siku hizi aina hii imeenea sana kwenye vyuo vikubwa vya umma, hasa kwa wanafunzi wa uhandisi, biashara, afya, na wanawake wanaosoma sayansi.

Aina ya pili ni nyumba za lugha. Chuo cha Oberlin wanazo, MIT wana za Kifaransa na Kihispania katika jengo la New House, na vyuo vingi vidogo vinavyojali lugha vina yake. Utaratibu hufanana: mkiwa sebuleni au jikoni mnazungumza lugha ya nyumba, mnapika pamoja siku fulani, na mara nyingi anaishi hapo mzungumzaji mzawa wa lugha hiyo anayewasaidia wengine.

Aina ya tatu ni nyumba za utamaduni na asili ya watu. Msomaji wa Kiswahili atashtuka kidogo akipitia orodha yake. Cornell ina Ujamaa Residential College tangu mwaka 1972. Stanford nayo ina Ujamaa yake. Brown wana Harambee House. University of Pennsylvania ilianzisha nyumba yenye jina la W.E.B. Du Bois, mwanazuoni Mmarekani Mweusi, mwaka huohuo wa 1972. Zipo pia Casa Zapata ya Stanford inayohusu Wamarekani wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kilatini, na Akwe:kon ya Cornell, iliyojengwa mwaka 1991 kwa heshima ya watu wa asili wa Amerika. Nyingi kati ya hizi zilizaliwa na madai ya wanafunzi wenyewe, wakati ambapo wanafunzi Weusi walikuwa wachache katika vyuo hivyo na hawakuwa na mahali pa kupumulia.

Kuhusu aina hii ya tatu kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, mlango uko wazi. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, Sehemu ya VI, inakataza ubaguzi wa rangi katika mpango wowote unaopokea fedha za serikali kuu, kwa hiyo chuo hakiwezi kukunyima chumba kwa sababu ya rangi yako, wala hakiwezi kumnyima mwingine aliye tayari kuishi kwa mada ya nyumba hiyo. Pili, usiingie Ujamaa au Harambee ukidhani jina la Kiswahili linakufanya mwenyeji. Nyumba hizo zimebeba historia ya Wamarekani Weusi: utumwa, ubaguzi wa kisheria, harakati za haki za kiraia. Wewe unatoka katika historia nyingine. Wakazi wengi watakupokea kwa mikono miwili na kukuuliza mengi kuhusu kwenu, nawe uende ukiwa na maswali yako kuhusu kwao. Nani aliitetea nyumba hii? Walidai nini wakati inaanzishwa? Ukianza kwa kusikiliza, hapo ndipo utakapopata marafiki wa maisha.

Aina ya nne inahusu namna ya kuishi: bweni lisilo na vilevi, ghorofa ya ukimya, nyumba ya mazingira kama Ecology House ya Cornell, nyumba za kupika na kusafisha kwa zamu kama zile za ushirika wa wanafunzi wa Oberlin ulioanza mwaka 1950, na makazi ya wanafunzi walioacha ulevi au dawa za kulevya na wanataka kubaki hivyo. Kwa mwanafunzi ambaye dini yake au malezi yake hayamruhusu kukaa na pombe, bweni lisilo na vilevi ndilo ningelitazama kwanza kabla ya kitu kingine. Umri wa kununua pombe Marekani ni miaka 21, hivyo kwa sheria karibu mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza hapaswi kuwa nayo popote. Katika bweni hili kinachoongezeka ni ahadi: hata mkazi aliyetimiza miaka 21 haingizi chupa, na mara nyingi anaahidi pia kutorudi amelewa. Ahadi hiyo inakupa haki ya kulalamika, nayo ofisi ya makazi inalazimika kukusikiliza.

Usichanganye haya yote na mfumo wa vyuo vya makazi kama wa Yale, ambako kila mwanafunzi anapangiwa mojawapo ya vyuo 14 bila kuomba mada yoyote. Kama chuo chako kina mfumo wa namna hiyo, hatua nyingi zilizo hapa chini hazikuhusu.

Hatua ya 2: Andika wiki yako kabla hujafungua orodha

Chukua karatasi uandike siku saba. Jaza saa za darasa kwa makisio: mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye F-1 kwa kawaida anatakiwa kusoma krediti zisizopungua 12 kwa muhula, na wengi husoma 15. Kwa kila saa ya darasa weka saa mbili za kujisomea. Weka ibada, mazoezi, kupiga simu nyumbani kwa kuzingatia tofauti ya saa, na kazi ya chuoni kama unakusudia kuifanya; wakati wa masomo ruhusa yako haizidi saa 20 kwa wiki. Kinachobaki ndicho unachoweza kuipa jumuiya. Wengine watabaki na jioni tatu, wengine na moja tu.

Jumuiya inayodai chakula cha pamoja Jumapili, mkutano wa wakazi Jumatatu, semina Jumatano na kazi ya kujitolea Jumamosi ni nzuri sana kwa mtu mwenye jioni nne. Mwenye jioni moja itamchosha kufika Oktoba, ataanza kukwepa, na kukwepa watu unaokutana nao bafuni kila asubuhi ni mateso. Afadhali huyo achague mada nyepesi aitimize yote.

Kisha jiulize jambo ambalo wengi hulikimbia: unataka kuishi na watu wanaofanana nawe au wasiofanana nawe? Majibu yote mawili ni halali. Anayesoma uhandisi akaishi na wahandisi watupu atapata msaada wa kazi za nyumbani usiku kucha, lakini pia kila mtu kwenye ghorofa atakuwa na mtihani wiki moja na presha itapanda kwa wote kwa pamoja. Kuna wanaohitaji kurudi chumbani wakute mtu anazungumzia muziki.

Hatua ya 3: Soma makubaliano, siyo maelezo ya kuvutia

Kila jumuiya ina ukurasa wenye picha za watu wanacheka. Upitie, halafu utafute waraka mwingine ambao mara nyingi uko chini kabisa au ndani ya fomu yenyewe: makubaliano ya jumuiya. Humo ndimo ahadi zilimo. Usome ukiwa na kalamu, na utafute mambo haya.

Idadi ya shughuli unazotakiwa kuhudhuria kwa muhula, na nini kinatokea usipohudhuria. Baadhi ya nyumba hazifanyi lolote, nyingine zinakunyima nafasi ya kurudi mwaka unaofuata, na nyingine zinaweza kukuhamisha katikati ya mwaka.

Kozi ya lazima. Kama ipo, angalia ni ya muhula mmoja au miwili, ina krediti ngapi, na kama inahesabika kwenye shahada yako au inaongezwa juu tu. Linganisha pia na kozi za lazima za fani yako. Wanafunzi wa uhandisi na uuguzi hasa hukuta vipindi vimegongana.

Urefu wa mkataba wa chumba. Kwa kawaida ni mwaka mzima wa masomo, Agosti hadi Mei, na kuuvunja katikati kuna faini.

Na neno dogo linalopitwa na wengi: kama jumuiya ni ya mwaka wa kwanza peke yake au imechanganya miaka. Kwa mgeni ningependekeza iliyochanganya. Mkazi wa mwaka wa tatu anajua profesa gani anasaidia, basi gani linafika dukani Jumapili, na fomu gani ya kodi ya serikali ujaze mwezi wa tatu.

Hatua ya 4: Waandikie, na uulize kuhusu Jumanne

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ya thamani kuliko zote. Kwenye ukurasa wa jumuiya huwa kuna barua pepe ya mratibu. Mwandikie kwa heshima na kwa ufupi, ujitambulishe kwa jina, fani na nchi, kisha umwombe akuunganishe na mkazi wa sasa. Waratibu wengi hulifurahia ombi hilo kwa sababu ni wachache wanaolileta.

Ukimpata mkazi, usimuulize kama anapapenda. Atasema ndiyo. Muulize hivi: Jumanne iliyopita saa mbili usiku, sebuleni kulikuwa na nani, na walikuwa wanafanya nini? Jibu la swali hilo linafichua mambo ambayo ukurasa wa tovuti hautakwambia. Akisema walikuwa watu sita wanamalizia kazi ya kemia huku mmoja anakaanga mayai, umeshaiona nyumba. Akisema hakumbuki kwa sababu sebule hutumika siku za matukio tu, basi mada ya nyumba hiyo inaishi kwenye kalenda ya ofisi na haijaingia kwa wakazi.

Maswali mengine yanayofaa: Ni wangapi waliokuwepo mwaka jana wamerudi mwaka huu? Msimamizi wa ghorofa, yule mwanafunzi mkubwa anayeishi nanyi na kulipwa kwa kazi hiyo, anaijali mada au alipangiwa tu? Mhadhiri anayeilea jumuiya huonekana mara ngapi? Ugomvi wa mwisho uliotokea humo ulihusu nini na uliishaje? Usione aibu kuuliza la ugomvi. Kila nyumba inao, na mkazi atakayekuhadithia bila kujificha anakuonyesha kwamba mahali hapo watu husemezana.

Kama una mahitaji ya chakula, dawa, ulemavu au ibada, yaeleze sasa. Uliza kama kuna jiko la wakazi, kama bwalo lina chakula cha halali, kama lifti ipo, kama chumba kina kiyoyozi. Mahitaji ya kiafya yana ofisi yake maalumu katika kila chuo, yana tarehe zake, na huhitaji barua ya daktari. Yasisubiri fomu ya makazi.

Hatua ya 5: Hesabu fedha na tarehe kwa jicho la mgeni

Hapa kuna mambo ambayo mwanafunzi Mmarekani hayamgusi, kwa hiyo hutayakuta kwenye maelezo ya kawaida.

Bei. Jumuiya nyingi hazina ada ya ziada, lakini baadhi zina ada ya programu kila muhula kwa ajili ya safari na chakula cha pamoja. Nyingine ziko kwenye jengo jipya ambalo chumba chake ni ghali kuliko cha kawaida. Kama una udhamini, usidhani unalipia chumba chochote. Waulize wadhamini kwa maandishi: mnalipia bei ya chumba halisi nitakachopangiwa, au kiwango maalumu? Uliza pia kuhusu mpango wa chakula. Nyumba yenye jiko inaweza kukuruhusu kuchukua mpango mdogo, na hapo gharama hupungua kweli.

Kuwasili. Jumuiya zinazofungamana na masomo mara nyingi huwaita wakazi wake mapema, siku kadhaa kabla ya wengine, kwa ajili ya kambi au mafunzo. Mwenye F-1 anaruhusiwa kuingia Marekani siku zisizozidi 30 kabla ya tarehe ya kuanza programu iliyoandikwa kwenye I-20, fomu unayopewa na chuo kwa ajili ya kuombea viza. Linganisha tarehe hizo mbili kabla ya kununua tiketi, na uliza kama chumba kitafunguliwa ukifika kabla ya kambi.

Likizo. Alhamisi ya nne ya Novemba ni Thanksgiving, sikukuu ya kitaifa ya shukrani, na mabweni kadhaa hufungwa siku hizo. Kuanzia katikati ya Desemba hufungwa tena kwa wiki tatu au zaidi. Wamarekani huenda kwao. Wewe utakuwa wapi? Tafuta jumuiya iliyo kwenye jengo linalobaki wazi mwaka mzima, au upate jibu la maandishi kuhusu makazi ya likizo na gharama yake. Kama jumuiya mbili zinalingana kwa kila kitu, jambo hili liamue.

Tarehe ya mwisho. Vyuo vingi hutaka uthibitishe nafasi yako kwa amana ifikapo Mei 1, na fomu ya makazi hufunguka baada ya hapo au kabla kidogo. Jumuiya zenye mada hufunga maombi mapema kuliko makazi ya kawaida, nyingine wiki ileile ya amana. Weka tarehe kwenye simu yako kwa saa za huko, maana fomu inayofungwa saa sita usiku kwa saa za New York kwako itakuwa imeshaingia asubuhi ya siku inayofuata.

Hatua ya 6: Andika maombi yanayoonyesha mkazi

Fomu nyingi zina maswali mawili au matatu mafupi, ya maneno 100 hadi 300. Swali kuu halibadiliki sana: kwa nini unataka kuishi hapa, na utaleta nini? Wasomaji wake ni mratibu na wakazi wa sasa. Hawapimi kipaji chako. Wanajaribu kukuona jikoni kwao.

Tuchukue mwombaji wa nyumba ya mazingira. Jibu lake la kwanza linasema hivi: "Nimekuwa nikipenda mazingira tangu utotoni. Naamini mabadiliko ya tabianchi ni changamoto kubwa duniani, na ningependa kuungana na vijana wenzangu kuleta mabadiliko chanya." Hakuna kosa la lugha hapo, lakini pia hakuna mtu. Maombi 40 yatakuwa na sentensi hizohizo.

Anaandika upya: "Shuleni nilisimamia pipa la mboji la jikoni kwa mwaka mmoja. Kazi kubwa haikuwa mboji, ilikuwa kuwashawishi wenzangu watenge plastiki. Nilijaribu matangazo, hayakusaidia. Kilichosaidia ni kuhamishia pipa pale wanapooshea sahani. Nimesoma kwamba mnapima taka za nyumba kila wiki. Ningependa kuichukua kazi hiyo, na niko huru Jumanne na Alhamisi jioni."

Jibu la pili ni la mtu unayeweza kuishi naye. Limetaja kitu alichofanya kwa mikono yake, tatizo lililomshinda na alivyolitatua, jambo mahususi la nyumba hiyo, na siku alizo huru. Zile siku alizozitoa kwenye karatasi ya hatua ya 2 zimefanya kazi hapa, kwa sababu kila mratibu ana hofu ya kupokea mkazi atakayefunga mlango mwaka mzima.

Usijifanye bingwa wa mada. Nyumba za lugha hupokea wanaoanza, ilimradi wako tayari kukosea mbele ya watu kila siku. Nyumba za muziki hupokea wasiopiga chombo chochote. Sema ulipo kweli. Na usiandike maombi kwa kunakili ya mwenzako au kwa kuiachia programu ya kompyuta ikuandikie. Wasomaji wa fomu hizi husoma nyingi kwa mkupuo, na maneno yasiyo na mwenyewe huyatambua mapema.

Omba jumuiya mbili au tatu kwa kipaumbele kama fomu inaruhusu, na hakikisha fomu ya kawaida ya makazi nayo umeijaza. Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, baki humo: kila Julai kuna wanaobadili chuo na vyumba huachwa wazi.

Hatua ya 7: Zungumza na mwenzako wa chumba kabla ya mabegi kufunguliwa

Kushiriki mada moja hakumaanishi kushiriki saa za kulala. Ukishajulishwa jina la mwenzako, kwa kawaida Julai au Agosti, mwandikie. Mkifika, msimamizi wa ghorofa atawapa fomu ya makubaliano ya chumba. Wanafunzi wengi huijaza kwa dakika tano ili waiondoe mezani. Ninyi kaeni nayo saa nzima: taa zinazimwa saa ngapi, wageni wanalala au hawalali, nani anatumia vitu vya nani, joto la chumba, harufu za chakula, kusali alfajiri, simu za sauti ya juu kwa sababu mtandao wa nyumbani unakatika. Jambo la mwisho hilo litaje mapema. Mwenzako hajui kwa nini unapaza sauti saa kumi na moja alfajiri, na akijua atakuwa mpole zaidi.

Heshima tuliyolelewa nayo inatufundisha kuvumilia kimya. Chumbani Marekani ukimya husomwa kama kuridhika. Kama jambo linakukera, liseme siku ya pili kwa upole na bila kuzunguka: "Naomba usitumie taulo langu." Basi. Mara nyingi utajibiwa "samahani" na yakaisha.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo, hudhuria kila kitu

Makundi ya marafiki hujipanga mapema sana, na baada ya hapo kuingia huhitaji juhudi mara mbili. Kwa wiki hizo acha mlango wazi ukiwa chumbani, kula na wakazi wenzako hata kama umechoka, na uchukue kazi moja ndogo ya nyumba yenye jina lako: kupiga picha za matukio, kutunza funguo za studio, kupanga zamu ya jikoni. Mwenye kazi hujulikana na kila mtu bila kulazimika kuwa mchangamfu.

Halafu toka pia. Uwe na angalau kitu kimoja nje ya nyumba, iwe klabu, timu, msikiti au kanisa, au chama cha wanafunzi wa Afrika. Jumuiya ndogo ina joto lake, lakini mkikosana humo ndani unahitaji mlango mwingine wa kugonga.

Hatua ya 9: Kama haikufai

Anza kwa msimamizi wa ghorofa, kisha mratibu, kisha ofisi ya makazi. Vyuo vingi husimamisha uhamisho wa vyumba kwa wiki mbili hivi za mwanzo, halafu hufungua dirisha la maombi. Andika sababu zako kwa matukio na tarehe, bila kumtukana mtu. Kama kuna vitisho, unyanyasaji au ubaguzi, usisubiri dirisha lolote: ripoti siku hiyohiyo, na uombe chumba cha dharura.

Kabla ya kuhama au kuacha kozi ya jumuiya, pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Ukiacha kozi ya krediti tatu ukabaki na 11, umeshuka chini ya kiwango cha F-1 na hali yako ya kuishi nchini iko hatarini, hata kama ofisi ya makazi imekuambia hakuna shida. Ofisi hizo mbili haziwasiliani kila mara. Na ukibadili chumba, toa taarifa ya anwani mpya kwa mshauri wako wa wanafunzi wa kigeni ndani ya siku 10. Hata kuhama kutoka jengo moja kwenda jengo la jirani ni kubadili anwani.

Kama imekufaa, kumbuka kwamba nafasi ya kurudi haiji yenyewe. Fomu ya wakazi wanaoendelea mara nyingi hutoka mapema katika muhula wa pili, wakati bado unatoa nguo za baridi kwenye begi, na hukaa wazi kwa muda mfupi. Wanaotaka usimamizi wa ghorofa huomba kipindi hichohicho. Malipo yake mara nyingi ni chumba cha bure, na kwa mwenye F-1 inahesabika kuwa kazi ya ndani ya chuo, ikiwa ndani ya zile saa 20. Na kama chuo hakina mada unayoitaka, uliza ofisi ya makazi kama wanapokea mapendekezo ya wanafunzi. Pale yanapopokelewa, kwa kawaida hutaka majina ya watu walio tayari kuishi humo, mhadhiri mlezi, bajeti ndogo, na ratiba ya mwaka mzima. Anza kuyakusanya majina hayo Septemba.